Nyama Mbichi ya Mbwa na Ugonjwa wa Haidatidi kwa Binadamu

Kondoo anapochinjwa nyumbani na tumbo lake kupasuliwa, mchinjaji mzoefu hutazama kwanza ini. Likiwa laini na safi, huliweka kwenye sinia pamoja na figo. Lakini pengine hukuta juu yake kifuko cheupe kilichotuna kama mpira uliojazwa maji, chenye ukubwa wa yai la kuku au zaidi. Na akiligeuza ini upande wa pili, huona vingine viwili au vitatu. Hapo hukata sehemu yenye kasoro, na kwa kuwa hakuna atakayeila, humrushia mbwa aliyeketi karibu akingoja tangu kisu kilipotolewa.

Tendo hilo huonekana kuwa la busara. Nyama yenye kasoro haikuliwa na watu, haikuachwa ioze karibu na nyumba, na mlinzi wa boma naye amepata riziki yake. Kwa hakika mambo ni kinyume. Mtu ambaye angekula ini lile asingeambukizwa ugonjwa uliomo ndani ya kile kifuko. Hiyo si ruhusa ya kula ini bovu, ambalo lina madhara yake mengine; ni maelezo tu ya jinsi mdudu huyu alivyo. Kifuko hakina uwezo wa kumwambukiza binadamu moja kwa moja. Kinahitaji kupita kwanza katika utumbo wa mbwa, na mkono uliokirusha ndio uliokifikisha huko.

Ugonjwa wenyewe huitwa haidatidi, na husababishwa na tegu mdogo ajulikanaye kwa jina la kisayansi Echinococcus granulosus. Yapo maradhi mengine yanayoletwa nyumbani na nyama mbichi ya mbwa, nayo yataelezwa, lakini huu ndio uliokaa muda mrefu miongoni mwa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, na ndio ambao kaya yenye sufuria na kuni inaweza kuukatia njia bila kungoja msaada wa mtu.

Kilichomo ndani ya kifuko

Kifuko kina kuta mbili. Ule wa nje hujengwa na mwili wa mnyama ukijaribu kumzingira mvamizi; ule wa ndani, mweupe na laini mfano wa utando wa yai lililochemshwa, ni wa mdudu mwenyewe. Ndani yake mna maji maangavu, na chini ya maji hayo aghalabu hutuama chembe ndogo mithili ya mchanga. Kila chembe ni kichwa cha tegu ambaye hajakua. Kifuko kimoja kilichokomaa kinaweza kubeba maelfu ya vichwa hivyo.

Mbwa anapokimeza kikiwa kibichi, vichwa hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kuanza kukua. Baada ya wiki sita hivi, tegu huwa wamekomaa na mayai yao huanza kutoka pamoja na kinyesi. Tegu mkubwa ana urefu wa milimita 3 hadi 6 tu, hazidi punje ya mchele, na ndiyo sababu mwenye mbwa haoni chochote. Vile vipande vyeupe vifananavyo na mbegu za tango, ambavyo wafugaji huvikuta vikinatanata chini ya mkia, ni vya tegu wa aina nyingine. Mbwa mwenye maelfu ya tegu wa haidatidi hukimbia, hubweka na kula kama kawaida. Kwa kawaida hakondi wala haharishi. Mfugaji anayeambiwa kwamba mbwa wake ni hatari kwa watoto, ilhali mbwa mwenyewe anang'aa manyoya, ana haki ya kushangaa, na mhudumu wa afya hana budi kumweleza jambo hili kwa subira.

Hata maabara ya kawaida haitoi jibu. Mayai ya tegu huyu, yakitazamwa kwa hadubini, hayatofautiki na mayai ya jamaa zake wengine waishio ndani ya mbwa. Kinachofaa kuulizwa si mbwa anaonekanaje, bali anakula nini.

Mayai yakishatoka, hunata kwenye manyoya ya mapaja na mkia. Mbwa hujilamba, na baada ya hapo mayai huwa kwenye ulimi na pua yake. Mengine huchukuliwa na maji ya mvua hadi kwenye bwawa au bustani ya mboga. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala pamoja na majani; kiluwiluwi hutoka ndani ya yai, hutoboa ukuta wa utumbo, hubebwa na damu hadi kwenye ini, na kifuko kipya huanza kuumbika. Mzunguko huo wa mifugo na mbwa unajitosheleza. Binadamu huingia humo kwa ajali, akishika chakula kwa mikono iliyompapasa mbwa, au akila mboga na kunywa maji yaliyochafuliwa.

Ndani ya mwili wa mtu

Baada ya yai kumezwa, miaka mingi huweza kupita bila dalili yoyote. Kifuko hukua polepole sana, na mtoto aliyeambukizwa akiwa anatambaa anaweza kuja hospitali akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Takriban vifuko saba kati ya kumi huwa kwenye ini na viwili kwenye mapafu. Vinavyobaki huweza kuota kwenye figo, wengu, mifupa, moyo au ubongo.

Dalili hutegemea mahali na ukubwa. Kifuko cha ini huleta uzito na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, tumbo hujaa, na kikibana njia ya nyongo macho hugeuka manjano. Si ajabu tumbo la mwanamke kudhaniwa kuwa ni mimba, au la mtoto kudhaniwa kuwa ni utapiamlo au wengu uliovimba kwa malaria. Kifuko cha mapafu huleta kikohozi, maumivu ya kifua na wakati mwingine damu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu. Kikipasukia ndani ya njia ya hewa, mgonjwa hukohoa ghafla maji yenye ladha ya chumvi pamoja na vipande vya utando mweupe kama maganda ya zabibu. Mgonjwa akisimulia jambo hilo asidharauliwe, kwa sababu ni magonjwa machache mno yanayofanana nalo.

Hatari kubwa zaidi ni kifuko kupasukia ndani ya mwili, iwe kwa pigo, kwa kuanguka, au kwa sindano ya mganga aliyedhani anatoa usaha. Maji yake yanaweza kuzusha mzio mkali unaoshusha shinikizo la damu na kuziba pumzi kwa muda mfupi, na kila chembe ya ule mchanga iliyomwagika tumboni inaweza kuwa kifuko kipya.

Mambo mawili huwatuliza wagonjwa, na yanastahili kusemwa mapema. Kwanza, ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Mgonjwa hana sababu ya kutengewa sahani wala kitanda. Pili, uvimbe huu si saratani, ingawa kwenye picha unaweza kumtia hofu asiyeujua.

Turkana, na kisiwa cha mbali

Kaskazini mwa Kenya, katika eneo la Turkana, ugonjwa huu umewahi kuonekana kwa wingi usio na mfano duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulikadiria kwamba kaskazini-magharibi mwa eneo hilo wagonjwa wapya walifikia 220 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Mwaka uliofuata, 1983, shirika la Amref lilianza mpango wa kuudhibiti, na katika miaka hiyo mashine za ultrasaundi za kubebeka zilianza kupelekwa kambini kwa wafugaji badala ya kuwangoja hospitalini. Wengi waliokutwa na vifuko hawakuwa wakijisikia wagonjwa.

Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa hili: nchi kavu namna ile, yenye jua linalounguza mawe, mayai ya tegu yanaishije? Jibu lilipatikana ndani ya nyumba. Kwenye uwanda wa wazi mayai hufa upesi, lakini katika kivuli cha kibanda na kando ya visima vya maji hudumu zaidi. Na humo kibandani ndimo mbwa alimokuwa akiishi na watu. Kwa kuwa maji yalikuwa adimu, mbwa alitumika kama yaya: alimlamba mtoto mchanga aliyejisaidia au kutapika, hata akawa safi. Mama hakufanya hivyo kwa uzembe. Maji ya kisima kilicho mbali hayatoshi kunywa, kupika na kuosha nepi, na mbwa alikuwepo. Ugonjwa uliwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, jambo linaloeleweka mtu akifikiri ni nani hukaa na mbwa na watoto nyumbani. Yeyote anayetoa elimu katika jamii kama hizo aanze na suala la maji kabla ya kulaumu mila.

Miongoni mwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania pia, Ngorongoro ikiwemo, vifuko hivi hukutwa kwenye mifugo inayochinjwa. Boma lenye ng'ombe, kondoo na mbwa kadhaa wa ulinzi, na uchinjaji unaofanyika mbali na mkaguzi wa nyama, lina kila kitu ambacho tegu anahitaji.

Hata hivyo, maradhi haya si ya nchi za joto wala ya Waafrika. Iceland, kisiwa chenye baridi kali cha kaskazini mwa Ulaya, kiliteswa nayo vibaya katika karne ya 19, kwa sababu ile ile ya kondoo na mbwa. Mwaka 1863 mwanasayansi kutoka Denmark, Harald Krabbe, alichunguza matumbo ya mbwa 100 kisiwani humo na kuwakuta 28 wakiwa na tegu wa haidatidi. Hakuwa na dawa ya kutibu watu, wala picha ya kuona ndani ya tumbo. Alichofanya ni kuandika kijitabu chepesi kilichoeleza mzunguko wa mdudu na kuwasihi watu wasiwape mbwa viungo vyenye vifuko, bali wavichome au kuvifukia. Mwaka 1864 kijitabu hicho kiligawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu wa kisiwa kile walikuwa wasomaji, na majira ya baridi ni marefu, kikasomwa. Sheria za mbwa na viungo vya mifugo zilifuata, na baadaye machinjio rasmi. Watu waliozaliwa mwishoni mwa karne ile walipatwa na ugonjwa kwa nadra mno wakilinganishwa na wazazi wao, na leo kisiwa hicho kimeondokana nao. New Zealand ilichukua njia iliyofanana katika karne ya 20, kwa sheria ya mwaka 1959 na dawa kwa kila mbwa, hata ikajitangaza kuwa huru, kwa tahadhari, mwaka 2002.

Yafaa kuangalia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Iceland ilitangulia dawa zote zinazotumika leo.

Mtindo mpya wa mijini

Wakati wafugaji wa vijijini wakishauriwa kuacha kuwapa mbwa viungo vibichi, baadhi ya wenye mbwa wa mijini wameanza kuwapa kwa makusudi. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu kilichohimiza mbwa walishwe mifupa na nyama mbichi, kwa hoja kwamba hicho ndicho chakula cha mababu zao wa porini. Fikra hiyo ilienea Ulaya na Marekani, viwanda vikaanza kuuza nyama mbichi iliyogandishwa kwa ajili ya mbwa, na kupitia intaneti imewafikia pia wafuga mbwa wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao hununua mapafu na matumbo buchani kwa bei nafuu.

Hoja zao hazistahili kubezwa. Mbwa hupenda chakula hicho, wengi huonekana kung'aa manyoya, na mwenye mbwa hujua anachomlisha kuliko anaponunua chakula cha mfuko. Lakini faida hizo hazitoweki nyama ikipikwa. Kinachotoweka ni vimelea.

Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyakula 35 vya mbwa na paka vya nyama mbichi iliyogandishwa, vilivyonunuliwa madukani. Bakteria hatari aina ya E. coli O157 alipatikana katika vyakula 8, listeria isababishayo maradhi kwa binadamu katika 19, na salmonela katika 7; vimelea wa toksoplasma nao walikutwa katika viwili. Nchini Uingereza mwaka 2017, watu wanne waliugua kwa E. coli O157 na mmoja akafariki. Watatu kati yao walikuwa karibu na mbwa waliolishwa nyama mbichi, hususan matumbo ya ng'ombe. Nchi hizo zina ukaguzi wa nyama na majokofu yasiyozimika.

Mbwa anayekula nyama yenye salmonela mara nyingi haugui. Huitoa kwenye kinyesi kwa siku kadhaa, huibeba mdomoni, na bakuli lake husuuzwa katika sinki lile lile linaloosha vikombe vya watoto. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupata kuhara kwa siku chache tu. Si hivyo kwa mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka, au anayepata matibabu ya saratani. Katika nyumba yenye mmoja wa watu hao, mbwa asilishwe nyama mbichi ya aina yoyote, wala mbwa huyo asiletwe wodini kumfariji mgonjwa.

Kugandisha husaidia nusu tu. Siku 10 katika friza linalofikia nyuzi 18 chini ya sifuri huua vichwa vya tegu wa haidatidi, lakini bakteria wengi hulala tu na kuamka nyama inapoyeyuka. Na friza la nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara haliwezi kuhesabiwa siku zake.

Kwa mhudumu wa zahanati na hospitali

Swali moja huweza kufupisha safari ndefu ya mgonjwa: je, amewahi kuishi katika nyumba yenye mbwa na mifugo inayochinjwa hapo hapo? Swali lihusu maisha yote, si mwaka huu. Muuza duka wa mjini aliyeondoka kwao kwenye malisho miaka kumi na mitano iliyopita anaweza kuwa bado anabeba kifuko alichotoka nacho.

Kipimo cha choo hakina maana hapa, kwa kuwa tegu mkubwa haishi ndani ya utumbo wa binadamu na mayai yake hayatoki kwa mgonjwa. Kipimo cha damu cha kutafuta kinga husaidia, ila kinaweza kutoonyesha kitu ilhali kifuko kipo. Nguzo ya utambuzi ni ultrasaundi kwa tumbo na eksirei kwa kifua. Uvimbe wowote wa maji kwenye ini la mtu mwenye historia hiyo usitobolewe kwa sindano kwa kudhaniwa kuwa jipu la amiba kabla ya kupigwa picha na kufikiriwa haidatidi. Sindano hiyo ndiyo kosa ambalo zahanati ndogo inaweza kulifanya na isiweze kulirekebisha.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani huvigawa vifuko kwa sura yake kwenye ultrasaundi, kuanzia vile vyenye uhai vilivyojaa maji hadi vile vilivyokufa na kukauka, vyenye kuta za chokaa. Matibabu hufuata sura hiyo. Kifuko kilichojaa maji chenye upana chini ya sentimita 5 mara nyingi hutibiwa kwa albendazoli peke yake. Kikubwa zaidi cha ini huweza kufyonzwa na wataalamu kwa utaratibu maalumu, maji yakitolewa na dawa ya kuua vichwa vya tegu ikiingizwa, mgonjwa akiwa kwenye kinga ya albendazoli na chumba kikiwa tayari kwa mzio. Utaratibu huo hautumiki kwa mapafu. Vifuko vyenye vingine vingi ndani yake, au vilivyoleta madhara, huhitaji upasuaji. Vilivyokufa huachwa na kufuatiliwa tu. Mgonjwa anayeambiwa hatapasuliwa wala kupewa dawa huweza kuhisi ametelekezwa, kwa hiyo aelezwe sababu.

Kuhusu albendazoli pana utata unaojirudia. Kidonge kimoja cha miligramu 400 kinachotolewa shuleni kwa ajili ya minyoo ya kawaida hakitibu haidatidi. Kipimo cha haidatidi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kikigawanywa mara mbili, kwa miezi kadhaa mfululizo. Dawa huliwa pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili hufyonza kidogo sana; maziwa yasiyoondolewa mafuta yanafaa, na kwa wafugaji hilo si gumu. Wakati wote huo ini na chembe za damu hupimwa, na dawa haianzwi kwa mwanamke aliye katika miezi ya mwanzo ya mimba.

Nyumbani

Ini au pafu lenye kifuko likichemshwa dakika 30 tangu maji yanapoanza kutokota, vichwa vya tegu vilivyomo hufa. Kubabua juu ya makaa hakutoshi, kwa sababu nje huungua na katikati ya kifuko hubaki vuguvugu. Asiye na kuni za ziada afukie: shimo lenye kina kisichofikiwa na makucha ya mbwa, na mawe au miiba juu yake, kwani mbwa mwenye njaa ni mchimbaji hodari. Kwenye machinjio, viungo vilivyokataliwa na mkaguzi vitupwe katika shimo lenye mfuniko, na uzio uzibwe. Machinjio mengi madogo yana mkaguzi, yana muhuri, na yana tundu kwenye ua linalojulikana na kila mbwa wa mtaani.

Mbwa hahitaji kunyimwa nyama. Mapafu yaliyochemshwa, yakachanganywa na ugali na dagaa, ni mlo mwema. Dagaa waliopikwa na mifupa yao wana manufaa ya ziada, kwa kuwa nyama tupu, mbichi au iliyopikwa, haina madini ya kutosha ya kujenga mifupa ya mbwa mchanga. Mifupa mikubwa iliyochemshwa iondolewe, maana huvunjika kwa ncha kali, na mchuzi wenye vitunguu vingi usimwagwe kwenye bakuli lake. Vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Nyumba isiyofuga mbwa haimo salama kwa hilo tu. Mbwa wazururao hupita bustanini usiku. Mboga ziliwazo mbichi zioshwe vizuri kwa maji yatiririkayo, maji ya bwawa yachemshwe, na watoto wanawe mikono kabla ya kula, hususan waliotoka kucheza na mbwa wa jirani.

Mbwa ambaye tayari amezoea viungo vibichi atibiwe kwa prazikwanteli. Ni dawa ile ile ijulikanayo kwa wengi kutokana na kampeni za kichocho shuleni, lakini kiasi cha mbwa ni kidogo mno, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo kipimwe na daktari wa mifugo badala ya kukatwa kwa kukadiria vidonge vya watoto. Dawa huua tegu lakini haiui mayai, tena haimkingi mbwa siku inayofuata. Akila ini lenye kifuko wiki ijayo, huanza upya. Mahali penye ugonjwa mwingi hurudiwa kila baada ya wiki sita, kabla tegu wapya hawajaanza kutaga.

Siku ya dawa mbwa hufungwa kamba mbali na nyumba na mboga, na hubaki hapo siku mbili. Kinyesi chake huzolewa kwa koleo na kuchomwa moto au kufukiwa kwa kina, na anayekizoa hunawa kwa sabuni. Tarehe ya kidonge kinachofuata huandikwa kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chini ya tarehe ya chanjo.